Sanduku la disiki: muziki wa miaka ya 1980 kati ya Kinshasa, Nairobi na Gety

Wakati chama chetu cha utamaduni kilipogawa kazi za kijitabu hiki, wenzetu walichukua ndoa, matanga, ngoma za mavuno na majina ya koo. Sisi tukasema tutaandika juu ya disiki. Mzee mmoja akatuuliza mbele ya wote: "Mwalimu, disiki nayo ni desturi ya baba zetu?" Watu wakacheka. Swali lake lilikuwa la haki, na maandishi haya ni jibu letu kwake, ijapokuwa limechelewa.

Disiki tunayosema hapa ni ile sahani nyeusi ambayo vitabu vya Tanzania na Kenya vinaiita santuri. Huku kwetu Ituri hakuna anayesema santuri. Tunasema disiki, na chombo cha kuipigia tunasema turnadisiki. Kijana wa leo anaweka nyimbo elfu mbili katika simu na hajui kwamba kulikuwa wakati ambapo wimbo ulikuwa na uzito, ulibebwa kichwani, na ukianguka ulivunjika.

Baba mdogo wetu alifanya kazi miaka mingi Kilo-Moto, kwenye migodi ya dhahabu, na alipostaafu alirudi Gety na vitu vitatu vya kuonyesha watu: kinga mpya, mashine ya kushona ya mke wake, na sanduku la chuma lililojaa disiki. Sisi tulikuwa watoto wadogo. Tunakumbuka turnadisiki yake iliyokula mawe sita ya radio kwa usiku mmoja, na vile mawe yakianza kuchoka sauti ilikuwa inashuka polepole mpaka mwimbaji anakuwa kama mtu mwenye usingizi. Asubuhi mawe yaliwekwa juani ili yapate tena nguvu ya wimbo mmoja au miwili. Arusi ya mtu wa maana haikufungwa bila sanduku lile. Watu wa upande wa mume walikuja kuliomba siku mbili mbele, na mkononi walileta kuku. Tayari hapo mzee wetu angeweza kuona kama ni desturi au si desturi.

Vita vilivyoanza Ituri mwaka 1999 vilifika kwetu Walendu-Bindi kwa ukali wote miaka iliyofuata. Nyumba zilichomwa huku na huku, za kwetu na za jirani zetu, na hakuna upande unaoweza kusimama leo na kusema ulichomewa tu bila kuchoma. Kabla ya kukimbia porini, baba mdogo alichimba shimo nyuma ya jikoni, akaweka sanduku, akafunika kwa vigogo vya mgomba na udongo. Mwaka 2006, wakati maelfu ya wakimbizi walikuwa wamesongamana Gety katika vibanda vya majani na mahema, sanduku lilikuwa bado chini. Watoto wake ndio walilitosha baadaye, na yeye mwenyewe alikuwa ameshafariki. Maji yalikuwa yameingia.

Tulipolifungua tuliona jambo ambalo hatukulisoma ISP. Plastiki haikuoza. Karatasi ndiyo ilioza. Bahasha zilikuwa zimegeuka uji, na zile karatasi za duara za katikati, ambazo zinabeba jina la mwimbaji, la wimbo na la kampuni, zilibanduka au zililiwa na kuvu. Tulihesabu disiki 37. Sauti iko, majina hayako. Kazi ikawa mbili kwa mara moja: kuponya sauti na kutafuta majina. Wengi wanafikiri ni ya kwanza tu inayohitaji ufundi.

Kwanza tuulize: vitu hivi vilifikaje Gety? Gety iko karibu kilometa 60 kusini ya Bunia, juu ya milima inayotazama ziwa Albert. Ile wakati ziwa lenyewe lilikuwa linaitwa Mobutu Sese Seko. Hakukuwa duka la muziki. Ukichunguza sanduku unaona kwamba kulikuwa njia mbili.

Njia ya kwanza inatoka magharibi. Mwaka 1948 Mgiriki Nico Jeronimidis alianzisha kampuni ya Ngoma huko Leopoldville, na Wendo akaimba humo Marie-Louise, wimbo ambao babu zetu waliujua wote. Disiki za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika na hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu fulani wa Asia, na zilikuwa zinavunjika kama sahani ya udongo. Baadaye zikaja disiki za plastiki za mara 45 na za mara 33 na theluthi moja. Katika Zaire ya Mobutu kuzitengeneza kulikuwa mikononi mwa wanamuziki wakubwa wenyewe: Franco alishika kiwanda cha Mazadis, na Verckys Kiamuanga Mateta, mpiga saksafoni aliyetoka kwa Franco na kuunda orkesta Vévé mwaka 1969, akajenga kiwanda chake, Izason.

Septemba 1974, kabla ya ngumi za Ali na Foreman, James Brown alikuja Kinshasa kwa ile sikukuu kubwa ya muziki. Lakini tusiseme kwamba yeye ndiye alileta funk, kwani vijana wa Kinshasa walikuwa wameshaanza kuisikia katika disiki za ng'ambo. Walichukua besi nzito na ngoma ya kukatakata, wakaacha gitaa la rumba likimbie juu yake. Miaka ya 1980 kinanda cha umeme kikaingia, wanamuziki wetu wakaanza kurekodi Paris na Brussels, na muziki ukawa mwepesi na wa kung'aa. Abeti Masikini, mtoto wa Kisangani, alitoa Je suis fâché mwaka 1986. Katika sanduku letu disiki ile ndiyo imekwaruzika kuliko zote, maana yake ndiyo ilipendwa kuliko zote.

Disiki ya Kinshasa ilipanda meli ya ONATRA, ikapanda mto zaidi ya kilometa 1,700 mpaka Kisangani, halafu ikapanda lori, karibu kilometa 700 za matope katika msitu mpaka Bunia. Bei iliongezeka kila mahali ambapo lori lilikwama.

Njia ya pili inatoka mashariki, na ndiyo tulikuwa tumeisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mobutu alifungulia watu binafsi uchimbaji wa dhahabu. Wafanyabiashara wa Ituri na wa Butembo walipeleka dhahabu Kampala na Nairobi, wakarudi na vitambaa, sabuni, vipuri vya kinga, na disiki. Nairobi ilikuwa na viwanda vya disiki, na ilikuwa imejaa wanamuziki wa kwetu. Super Mazembe walianza Zaire kwa jina la Super Vox, wakafika Nairobi mwaka 1974. Les Mangelepa walitoka katika orkesta ya Baba Gaston mwaka 1976. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, kule mto unapoelekea baharini, mbali na sisi kama Ulaya; akapitia Uganda, akaingia Nairobi mwaka 1977, na orkesta yake akaiita Virunga, jina la milima ya moto ya mashariki yetu. Disiki yake Malako ya mwaka 1984 tuliitambua kwa sauti tu. Karatasi yake ilibaki kipande kidogo kama ukucha.

Hawa wa Nairobi waliimba Kilingala na Kiswahili. Mama zetu, ambao Kilingala walikisikia kama lugha ya askari, waliimba nao bila kuuliza maana. Kwa hiyo njia ya magharibi ilileta mtindo, na njia ya mashariki ilileta maneno.

Mwaka 2024 kampuni ya Analog Africa ya Frankfurt ilitoa mkusanyo unaoitwa Congo Funk!, nyimbo 14 za Kinshasa na Brazzaville za kati ya 1969 na 1982. Samy Ben Redjeb, mwenye kampuni, alienda mwenyewe kutafuta disiki na wenyewe waliozipiga, na miaka kumi mbele, 2014, alikuwa ametoa nyimbo za Verckys namna hiyohiyo. Ni kazi safi, na tuliisikiliza kwa furaha. Jina lake dogo linasema ni muziki wa kando ya mto Kongo. Ni haki. Upande mwingine, muziki wa Nairobi ulikuwa umeshatolewa upya London na kampuni ya Earthworks: Virunga Volcano ya Samba Mapangala mwaka 1990, na mkusanyo wa Super Mazembe mwaka 2001 ambao uliitwa Giants of East Africa, yaani majitu ya Afrika ya Mashariki. Hivi katika maduka ya Ulaya Verckys anakaa kwenye rafu ya Kongo, na Super Mazembe anakaa kwenye rafu nyingine. Katika sanduku la Gety walilaliana, mmoja juu ya mwingine, na usiku wa arusi mmoja alimfuata mwingine bila mtu kushangaa. Ni hilo tu tunalodai kwa upande wetu: kuko namna ya kusikia muziki huu ambayo ilikuwa ya hapa, na haiwezi kuponywa Frankfurt wala London, kwa sababu huko hawana sanduku.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Tunaandika kirefu kidogo kwa sababu tunajua kuna familia nyingine ambazo zina disiki chini ya kitanda.

Disiki huoshwa kwa maji baridi ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, na tone moja la sabuni isiyo na manukato. Brashi iwe laini kama ya mtoto, na ufuate mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Kisha isimamishwe kivulini ikauke. Tulisema maji baridi kwa sababu moja tuliiosha kwa maji ya moto na ikajikunja kama jani la mgomba. Ile iliyojikunja kidogo unaweza kuilaza kati ya vioo viwili, uweke vitabu juu, na usubiri siku nyingi. Kosa letu kubwa lilikuwa lingine. Kulikuwa disiki moja ya mara 78, ya babu, na sisi kwa bidii yetu tukaipangusa na alkooli ili kutosha kuvu. Utomvu ule unayeyuka katika alkooli. Mbele ya macho yetu uso wa disiki ulipoteza mng'ao, na kitambaa kikawa cheusi. Nani aliimba humo, hatutajua kamwe. Plastiki inavumilia, zile za zamani hazivumilii. Na sindano yake pia si moja, kwani mfereji wa disiki ya 78 una upana karibu mara tatu kuliko wa disiki za baadaye.

Turnadisiki tuliazima Bunia. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umekufa, tukakata mwingine kutoka tyubu ya kinga. Ilizunguka, lakini waimbaji wote walikuwa na sauti za watoto. Hapo tukawaita wanafunzi wa mwaka wa tano. Disiki ya mara 33 na theluthi moja kwa dakika lazima izunguke mara 100 kamili kwa dakika tatu. Tulibandika kipande cha karatasi juu yake, wanafunzi wakahesabu kwa sauti kubwa, mmoja akashika saa. Mia moja ilitimia kwa dakika 2 na sekunde 51. Mmoja wao akatoa hesabu ubaoni: sekunde 171 kwa 180, yaani 0.95. Basi kila wimbo ulikuwa unaenda haraka kupita kiasi kwa asilimia tano na zaidi kidogo, karibu nusu toni ya muziki. Tukaingiza sauti katika kompyuta, programu ya bure ya Audacity ikaipunguza kwa hesabu ileile, na ghafla yule mtoto akawa Abeti. Darasa lilipiga makofi. Hatujawahi kupigiwa makofi kwa hesabu ya kugawanya.

Wahifadhi wa sauti wa dunia, chama chao kinaitwa IASA, wanashauri sauti iingizwe kwa ubora wa biti 24, na mara nyingi vipimo 96,000 kwa sekunde. Dakika moja hivyo inakula karibu megabaiti 35, na kwa kompyuta inayotegemea plaki ya jua ni mzigo. Tulikubali mzigo. Jambo lingine tulilojifunza: mfereji una kuta mbili, na mara nyingi mkwaruzo umeharibu ukuta mmoja zaidi. Kama wimbo ulirekodiwa kwa sauti moja, si stereo, unaweza kuacha ukuta mbaya na kuchukua ulio mzima, na nusu ya makelele inaondoka bila dawa yoyote. Makelele yanayobaki yanatoshwa moja moja katika kompyuta, kama kuchambua mchele.

Majina tuliyapata kwa njia mbili. Ukigeuza disiki kwenye mwanga, karibu na katikati pale mifereji inapokwisha, utaona namba na herufi zilizochongwa kiwandani katika plastiki yenyewe. Maji hayafuti namba zile. Ukilinganisha na orodha za kampuni unafika kwenye jina. Njia ya pili ni wazee. Tulikuwa tunapiga wimbo Jumamosi baada ya soko, na watu wanasema. Mama mmoja alikuwa hajui jina la wimbo wala la mwimbaji, lakini alitaja arusi, akataja mvua iliyonyesha siku ile, akataja nani alicheza na nani na ugomvi uliofuata. Tuliandika yote. Hugh Tracey, alipopita kaskazini mwa Kongo mwaka 1952 kurekodi Wabudu, Wambuti, Wanande na Wabira, kila wimbo aliuandikia kadi yenye mahali, wapigaji na ala zao, na kwa sababu ya kadi zile sauti za jirani zetu bado zinajulikana leo ni za nani katika maktaba ya ILAM, Afrika Kusini. Kwa wimbo uliochezwa Gety, kadi ni yule mama.

Na ni yeye aliyetutia aibu. Kuko disiki moja ya Super Mazembe ambayo sindano ilikuwa inaruka, inarudia maneno mawili mara tatu, halafu inaendelea. Tulikaa usiku mbili kuponya pale. Tuliunga mawimbi mpaka hakuna sikio lingejua. Jumamosi tukaipiga kwa majivuno. Ilipofika pale, wazee wote waliokuwa wanatikisa mabega walikosea mguu. Mama akasema: "Mwalimu, munaharibu wimbo. Hapa ilikuwa inarukaka." Ndipo wakatuonyesha: pale disiki iliporuka, wachezaji wa Gety walikuwa wanarudi nyuma hatua tatu, na wanawake wanapiga makofi. Mchezo ulikuwa umeshonwa kwenye tundu la wimbo. Kinshasa hawaujui mchezo huo, Nairobi hawaujui, na Super Mazembe wenyewe wasingeutambua.

Tangu siku ile tunahifadhi sauti mbili za kila disiki: moja vile ilivyotoka chini ya sindano, na makelele yake yote, na nyingine iliyosafishwa. Ukiuliza tunaipiga ipi soko likiisha, jibu unalo.

Lazima pia tuseme habari ya pesa, kwani si haki kuificha. Mtu mmoja mnunuzi alifika Bunia akitafuta disiki za zamani, na kwa moja alitaja bei ya mbuzi mzima. Watoto wa baba mdogo wana watoto wao shuleni. Sisi tulipinga, tukazungumza sana juu ya urithi, mpaka mmoja wao akatuuliza kama urithi unalipa minervali. Hatukuwa na jibu, na sisi ni walimu, tunajua minervali ni nini. Tulikubaliana hivi: hakuna disiki itakayoondoka kabla ya kunakiliwa na kuandikiwa kadi yake. Nne zimeondoka. Watoto walisoma mwaka ule. Bado inatuuma kidogo, na bado tunaona hawakukosea. Nakala zetu haziuzwi, kwani wimbo ni wa aliyeutunga na wa jamaa yake, tunazipiga tu.

Kati ya 37, tano bado hazina jina. Moja ni ya mara 45, imebaki na namba iliyochongwa vibaya, na ndani yake mwanamume anaimba Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu, si ya Mombasa wala ya Lubumbashi, juu ya mvuvi asiyerudi kutoka ziwani. Gitaa ni la Nairobi. Mzee wetu wa lile swali la kwanza aliisikiliza mara mbili, akaomba tena mara ya tatu, akasema sauti ile anaifahamu, ila jina limekaa kwenye ncha ya ulimi. Msomaji wa Kasenyi au wa Tchomia ambaye alikuwa na turnadisiki nyumbani miaka ile, apite Gety Jumamosi soko likiisha. Tutaipiga, pamoja na makelele yake.